Moyo wa kupandikizwa na antibayotiki ya dukani

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mdogo wangu alipandikizwa moyo Chennai, India, mwaka jana. Sasa yuko nyumbani na amerudi kuuza dagaa pale Mwaloni. Anameza takrolimasi asubuhi na usiku, pamoja na mikofenoleti na prednisoloni. Juzi alikohoa, duka la dawa likampa klarithromaisini bila hata kumuuliza anatumia nini. Mama naye anasema moyo umeshazoea, apunguze vidonge maana bei inatumaliza. Mwili ukiukataa moyo si atajisikia? Na ukikataa, kuna dawa?
Dada mtu, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na hiyo klarithromaisini kwa kuwa haingoji. Mpigieni daktari wake leo, kabla ya dozi ya usiku. Takrolimasi, dawa inayoizuia kinga ya mwili isiushambulie moyo mpya, huvunjwa na kimeng'enya kilichomo kwenye ini na utumbo. Klarithromaisini hukizuia kimeng'enya hicho, takrolimasi ikarundikana kwenye damu. Mikono hutetemeka, kichwa huuma, figo huumia kimyakimya. Asiache wala kupunguza kitu kwa kujiamulia. Daktari atapima damu na huenda akambadilishia antibayotiki, mara nyingi kwa azithromaisini. Erithromaisini na flukonazoli ya fangasi zina tabia hiyohiyo, na juisi ya balungi pia.

Rifampisini ya TB hufanya kinyume: huharakisha kuvunjwa kwa takrolimasi, kiwango kikaporomoka na kinga ikapata mwanya wa kuushambulia moyo. Kikohozi kikiendelea apimwe TB, na wa kliniki waambiwe mapema kwamba ana moyo wa kupandikizwa. Halafu diklofenaki, ambayo mjini kwetu watu wanaitafuna kama karanga: pamoja na takrolimasi inaua figo. Akiumwa kichwa, parasetamoli.

Kujisikia? Hapana, usitegemee. Moyo unapotolewa kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, mishipa yake ya fahamu hukatwa, hivyo huenda asisikie maumivu ya kifua kama wewe na mimi. Mwanzoni mwili unaweza kuukataa moyo huku mtu anabeba magunia ya dagaa. Akifika kukosa pumzi, kuvimba miguu, uzito kupanda ghafla au mapigo kwenda ovyo, mambo yameshaenda mbali. Ndiyo maana madaktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo hadi chumba cha moyo cha upande wa kulia, wakanyofoa vinyama vidogo na kuviangalia kwa hadubini. Majibu hupangwa kwa madaraja kuanzia 0, yaani mwili haujaukataa moyo, hadi 3, yaani umeukataa vikali.

Ikionekana daraja la 2, kwa kawaida hupewa methilprednisoloni kwa mshipa, miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, siku 3, kisha kipimo cha kinyama kinarudiwa. Moyo ukianza kushindwa kazi huongezwa kingamwili (protini za kinga) zinazotengenezwa kwa sungura ili kuziangamiza seli T, yaani seli za kinga zinazoushambulia moyo. Kama shambulio linatokana na kingamwili zake mwenyewe, damu huchujwa kuziondoa. Matibabu yote hayo ni ya kulazwa. Mtu asiwauzie vidonge vya prednisoloni mkafanye nyumbani.

Mama namwelewa, bei kweli inauma. Lakini kinga haizoei moyo wa mtu mwingine. Vidonge ndivyo vinavyoizuia, na ni vya maisha. Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu Cape Town mwaka 1967, na Louis Washkansky akaishi siku 18 tu: dawa zilishusha kinga yake yote, nimonia ikamwondoa. Hospitali nyingi zilikata tamaa hadi ilipokuja siklosporini, dawa nyingine ya kuzuia kinga, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983. Ilitokana na kuvu wa kwenye udongo wa Norway. Takrolimasi ya mdogo wako ilitokana na bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Mimi habari hizi hunifurahisha kupita kiasi, mnisamehe. Kama fedha ndiyo kikwazo, daktari aambiwe hivyohivyo. Huenda akapata toleo la bei nafuu, ila kila toleo jipya linataka damu ipimwe tena.

Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi kwenye damu, asimeze takrolimasi ya asubuhi kabla ya kutolewa damu. Kama ya usiku alimeza saa mbili, damu itolewe saa mbili asubuhi, kisha ndipo ameze. Aende nayo mfukoni. Akimeza kwanza, namba itakuwa kubwa ya uongo, na dozi itapunguzwa bure.