Kwa nini bakteria wa UTI hawasombwi na mkojo?

SWALI: Daktari, mwaka huu UTI imenirudia mara tatu, na kila mkojo ukioteshwa maabara majibu ni E. coli. Maji nakunywa ya kutosha. Hao bakteria wanabakije ndani? Na manosi ya unga inayouzwa mtandaoni inasaidia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, swali lako limegusa penyewe. Mkojo ni kinga kubwa ya kibofu, na bakteria asiyeweza kushika ukuta wake hutoka nao.

E. coli anayeshambulia kibofu ana nywele nyembamba mno, zinazoonekana kwa darubini ya elektroni tu. Ni protini zilizoungana mnyororo mrefu, na kwenye ncha kuna protini iitwayo FimH. Hiyo ndiyo inayoshika. Ina kishimo kinachoenea sukari ya manosi, nazo seli za ndani ya kibofu zimefunikwa na protini zenye sukari hiyohiyo.

Sasa sikiliza jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walionyesha kwamba mkondo ukizidi nguvu, FimH haiachii, bali inakaza. Ina vipande viwili vilivyogusana. Unywele ukivutwa, vipande hutengana na kishimo hufumba juu ya sukari. Ni kama kitanzi cha kunasia ndege: anavyozidi kuvuta ndivyo kinavyombana. Mkondo ukitulia, FimH hulegea na bakteria huweza kuhamia kwingine.

Akishashika, seli ya kibofu huweza kummeza. Humo ndani huzaliana, na dawa nyingi humfikia kwa shida. Mwili hujitetea kwa kubambua seli zilizoingiliwa na kuzitoa na mkojo, lakini katika panya wa maabara imeonekana kwamba wachache hubaki tabaka za chini, kisha huamka baadaye. Njia nyingine ya UTI kurudi ni bakteria kupanda upya kutoka njia ya haja kubwa.

Hata hivyo maji usiache. Katika utafiti uliochapishwa 2018, wanawake 140 wenye UTI ya kujirudia, waliozoea kunywa chini ya lita 1.5 kwa siku, waligawanywa makundi mawili. Walioongeza lita 1.5 waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka. Wenzao mara 3.2. Wewe unayekunywa ya kutosha tayari, usitarajie nafuu kubwa hivyo kwa kuongeza.

Kuhusu manosi, wazo lenyewe ni zuri: kuziba kishimo cha FimH kabla hakijashika kibofu. Lakini Uingereza waliijaribu kwa wanawake 598, gramu 2 kila siku kwa miezi 6, na majibu ya 2024 yalionyesha haikuwakinga. Mimi nisingeinunua. Pesa hiyo iweke kwa ajili ya kuotesha mkojo kabla ya kila dozi, na uombe kipimo cha usugu ili dawa ichaguliwe kwa bakteria uliye naye sasa, si yule wa mara iliyopita.

Kuna E. coli wenye nywele za aina nyingine, ambazo ncha yake ni protini iitwayo PapG, inayoshika seli za figo. Ukipata homa, kutetemeka au maumivu ya ubavuni, nenda hospitali siku hiyohiyo.