Ukipewa watoto wasiojua kusoma, anza na masikio

Walimu wenzangu mnaoripoti huku Kigoma mkakabidhiwa wale watoto wa darasa la pili na la tatu ambao kusoma bado, nawapa niliyojifunza kwa tabu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namwandikisha mtoto sentensi ileile ukurasa mzima, akimaliza nampa nyingine, mwandiko ukawa mzuri kweli ila kusoma hakuna, alikuwa anachora tu. Mmoja nilimwita mvivu mbele ya wenzake na hilo mpaka leo linaniuma, maana alikuwa anajitahidi kuliko darasa zima.

Kabla hujasema mtoto ana shida ya kujifunza, hakikisha anaona na anasikia. Mwite kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake, msogeze karibu na ubao uone kama kuna mabadiliko, ukiwa na wasiwasi ongea na mzazi ampeleke hospitali akapimwe. Alafu usichanganye disleksia, yani shida ya kujifunza kusoma na kuandika ambayo sio ya uvivu, na lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kiha akiandika "kura" badala ya "kula" anaandika anavyotamka, hilo ni la kumrekebisha taratibu, sio ugonjwa.

Sasa masikio. Watu wanadhani disleksia ni macho kuona herufi kinyumenyume, kumbe kwa wengi shida ni kwamba sauti zilizomo ndani ya neno haziachani kichwani mwao. Elkonin, mwanasaikolojia wa Urusi enzi za Kisovieti, alitumia visanduku, mtoto anasukuma kidude kimoja kwa kila sauti anayoisikia. Mimi natumia mise, zile mbegu za michikichi, huku hazikosekani. Nachora visanduku vitatu kwa chaki sakafuni, nasema samaki, mtoto anasukuma moja sa, moja ma, moja ki. Alafu naondoa ya kwanza nauliza imebaki nini. Yule yule niliyemwita mvivu alikaa kimya muda mrefu, kidole kiko juu ya mise ya pili, midomo inacheza, mara akasema "maki", akarudia tena "maki", akacheka mwenyewe. Hapo tulikuwa wiki ya tatu. Silabi zikikaa ndo mnaingia sauti mojamoja, neno mise lenyewe lina nne, m, i, s, e, na hapo ndo pagumu kwelikweli, usimkimbize.

Herufi zikija, weka mchanga wa ziwani kwenye sinia, aandike kwa kidole huku anatamka sauti, sio jina la herufi. Kuunganisha jicho, sikio na mkono hivi ndo msingi wa njia ya Orton na Gillingham iliyoanzia Marekani karibu miaka 100 iliyopita. Anza ma, ka, ta, zile za ng', mbw na nyw zisubiri. Na b na d jamani msifundishe wiki moja, ikae ya kwanza mpaka izoeleke.

Akianza kusoma, mpe kifungu kifupi akisome kwa sauti mara tatu nne ukiwa pembeni unamsahihisha. Jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lilipitia tafiti nyingi, na ripoti yake ya mwaka 2000 ikasema kusoma kwa sauti kwa kurudia huku mtoto anaongozwa kunasaidia. Dakika 20 kila siku ni bora kuliko masaa mawili ya Ijumaa, yani hata ukibanwa na vipindi usiziache hizo 20.

Semina nyingine mtaambiwa mgawe watoto, huyu wa kuona, huyu wa kusikia, kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Msipoteze muda, mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo hawakupata ushahidi wa kutosha. Mtoto mwenye shida anahitaji vyote kwa pamoja.

Mise mzioshe na kuzianika kabla ya kutumia, zikibaki na mafuta zinateleza na chaki ya visanduku inafutika yote.