Om mani padme hum: ni sentensi au ni mwito?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina programu ya kutafakari kwenye simu, na kuna kipindi ambacho sauti inarudia "Om mani padme hum". Maelezo yake yanasema maana ni "johari ndani ya yungiyungi". Jamaa yangu aliyesoma Uhindi kanicheka, anadai hiyo si maana yake kabisa. Nani yuko sahihi? Halafu kwenye video nawasikia Watibeti wakisema "peme hung". Wanakosea? Na mtu akiyasema bila kuyaelewa, yana kazi?

JIBU: Marahaba. Jamaa yako ana hoja, ila kukucheka amekuonea. Hiyo tafsiri yako imechapishwa na mabingwa wa lugha za Asia kabla hata babu zetu hawajazaliwa.

Mani ni johari, kito. Padma ni yungiyungi, lile ua la majini. Hapo hakuna anayebisha. Ugomvi wote uko kwenye irabu moja, ile -e inayofunga padme.

Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi yalikotoka maneno haya, padma ikiwa padme inaweza kuonyesha mahali, kama sisi tunavyotia -ni tukapata "nyumbani" au "mtoni". Ndiko ilikotoka "ndani ya yungiyungi". Lakini ili upate sentensi "johari imo ndani ya yungiyungi", mani lingelazimika kusimama peke yake na kuvaa alama ya kiima, likawa manih. Halijavaa. Limegandana na mwenzake kuwa neno moja, manipadme, na kanuni ya maneno ambatano ya Kisanskriti ni kwamba sehemu ya mbele hukaa wazi na ya mwisho ndiyo hubeba alama kwa niaba ya zote. Kwa hiyo hata ukishikilia kwamba -e ni ya mahali, utakachopata ni "ndani ya yungiyungi la johari". Johari yenyewe haimo ndani ya kitu.

Sasa, -e hiyohiyo ina kazi ya pili: kuita. Jina la kike linaloishia kwa -a ndefu, unapomwita mwenyewe, hugeuka -e. Mantra (maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa) ya Tara, mungu wa kike wa Wabudha, inalionyesha hilo bila kificho: Om tare tuttare ture svaha. Tare pale ni "Ewe Tara". Kwa njia hiyo manipadme ni "Ewe Manipadma", yaani ewe mwenye johari na yungiyungi. Mimi nasimama upande huu, na si kwa sarufi tupu. Kuna kitabu cha Kitibeti cha kufundishia sarufi ya Kisanskriti, kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 9. Kilipofika kwenye somo la namna ya kuita, mfano kilioutoa ni mantra hii.

Utauliza, mbona jina la kike, wakati anayeitwa ni Avalokiteshvara, bodhisatva (mtakatifu wa Kibudha anayewasaidia viumbe) wa huruma, ambaye Wahindi na Watibeti humchora mwanamume? Jibu linalonituliza ni kwamba mantra ya aina hii huitwa vidya, nalo ni neno la kike, na mantra yenyewe hupewa umbo la mungu wa kike, Shadakshari, "Mwenye Silabi Sita". Wapo wasiokubali. Mtafiti Alexander Studholme, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2002, anarudi kwenye mahali: anaona neno linadokeza kuzaliwa ndani ya yungiyungi la johari katika nchi safi, aina ya pepo, ya Budha Amitabha. Ni hoja nzito. Hata hivyo, yeye naye hatetei ile ya programu yako.

Mjesuiti wa Italia Ippolito Desideri alifika Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwaka 1716, akajifunza Kitibeti kwa Watibeti wenyewe, na akaeleza kwamba maneno haya yanamwita yule ashikaye johari na kuketi juu ya ua. Alikaribia sana. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1831, Julius Klaproth, Mjerumani bingwa wa lugha za Asia, akiwa Paris akachapisha kwa Kifaransa kwamba johari imo ndani ya yungiyungi, na hiyo ndiyo iliyosafiri: vitabuni, kwenye vipeperushi, sasa simuni. Aliyekaa na wenye maneno akasahaulika, aliyekaa maktaba akanukuliwa.

Chimbuko la maandishi ya mantra hii ni sutra, yaani andiko takatifu la Kibudha, iitwayo Karandavyuha, iliyotungwa Uhindi yapata mwisho wa karne ya 4 au mwanzo wa karne ya 5. Humo bodhisatva mmoja anahangaika kuitafuta, na anaelekezwa Varanasi kwa mhubiri ambaye si mtawa wa kupigiwa mfano hata kidogo: ana mke na watoto, na mavazi yake machafu. Anaonywa asimdharau, maana mantra iko kwake. Sutra hiyo inasema matone ya mvua yanaweza kuhesabika lakini si thawabu za kuitamka mantra hii mara moja. Kitu kimoja haifanyi: haiifasiri neno kwa neno.

Om ni ya kale kuliko Ubudha, imetoka kwenye ibada za Veda, maandiko ya kale ya Wahindu. Hum hufunga. Zote mbili hazina maana ya kamusi. Msomaji Mwislamu hatashangaa sana, maana amezoea kusoma Alif Lam Mim mwanzoni mwa sura na hadai tafsiri yake. Silinganishi imani, nasema tu kwamba herufi kubeba uzito bila kufasiriwa si jambo geni kwetu.

Lakini maelezo yapo tele, na hapa ndipo watu huchanganya. Dalai Lama wa 14, kiongozi wa kidini wa Watibeti, hufundisha kwamba herufi tatu za Om, a-u-m, ni mwili, usemi na akili; mani ni huruma na nia ya kuwafaa viumbe wote; padme ni hekima; hum ni viwili hivyo kuungana visitengane. Watibeti pia huzigawa silabi sita kwa tabaka sita za kuzaliwa upya, kuanzia miungu hadi walio jehanamu. Hayo ni mafundisho yaliyojengwa juu ya maneno, na kwa anayetafakari ndiyo yenye faida zaidi. Usiyatafute kwenye sarufi, hutayaona.

Kuhusu "peme hung": hawakosei. Wameiandika kwa herufi zinazotunza Kisanskriti, wanaitamka kwa ulimi wao. Wachina nao husema "an ma ni ba mi hong". Wewe unayesema Kiswahili una mtego mwingine. Ulimi wetu hupenda kuchomeka irabu kati ya konsonanti, ukasema "pa-di-me". Hapo silabi zinakuwa saba, na sifa kuu ya mantra hii ni sita. Sema pad-me, d ifunge silabi ya kwanza. Hum ivute kidogo, u yake ni ndefu.

Bila kuelewa, ina kazi? Kwa Watibeti, ndiyo: huiandika kwenye karatasi wakaitia ndani ya magurudumu ya sala yanayozungushwa kwa mkono, huichonga kwenye mawe ya njiani, na bibi kizee asiyejua neno la Kisanskriti huihesabu kwa tasbihi ya punje 108. Walimu wao huongeza kwamba ukiitamka, mfikirie kiumbe anayeteseka na umtakie nafuu. Ningekushauri uanzie hapo.

Na ukienda kwenye hekalu la Wabudha la Upanga, Dar es Salaam, usishangae kutoisikia. Lilianzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa Sri Lanka walio wafuasi wa Theravada, tawi jingine la Ubudha, na ibada zao ni kwa Kipali, lugha nyingine ya kale ya Uhindi. Ila kutafakari hufundishwa, na maswali wanayapokea.