Ana vipindi vitatu tu kwa siku, mbona hapokei simu?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Mikindani. Mwanangu wa kiume yuko mwaka wa kwanza wa uhandisi mitambo katika chuo kikuu nchini Ujerumani tangu Oktoba. Ametutumia ratiba yake, nasi tumeona kwamba Jumanne ana vipindi vitatu tu, lakini mjomba wake, ambaye humsaidia gharama kwa mapato ya korosho zake za Tandahimba, akimpigia saa mbili usiku baada ya sala ya Isha, simu huita mpaka ikakatika. Usiku wa manane kijana hutuma ujumbe kwamba alikuwa na kazi. Mjomba ameanza kusema kuwa mtoto amepata kiburi. Je, mwenye vipindi vitatu anafanya kazi gani siku nzima? Na je, ni vibaya kumwomba afanye kibarua atuchangie fedha za salfa ya kupulizia mikorosho?
Mama mzazi, Mikindani, Mtwara

JIBU: Mama yangu, wasiwasi wako una msingi, na manung'uniko ya mjomba yana uzito wake, maana katika familia nyingi za huku kwetu kusini mjomba ana kauli kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Hata hivyo, ratiba mliyotumiwa inaonyesha sehemu ndogo tu ya siku ya kijana huyo.

Vyuo vya Ujerumani hupima masomo kwa krediti. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, na mwanafunzi anayesoma muda wote hutarajiwa kukusanya krediti 60 kwa mwaka, yaani saa 1,500 hadi 1,800. Kiwango hicho cha juu ni sawa na kwenda kazini saa 40 kila wiki kwa wiki 45. Saa za kumsikiliza mhadhiri zimo ndani ya hesabu hiyo, lakini katika uhandisi saa za kujisomea mara nyingi huzizidi.

Tuichukue hiyo Jumanne. Mihadhara ya kwanza huanza mnamo saa mbili na robo asubuhi, ambapo mwezi Desemba ndiyo kwanza jua linachomoza, na kila mhadhara huchukua dakika 90 katika ukumbi wenye wanafunzi wengi, kwa Kijerumani, ubao ukijazwa hesabu na kufutwa kabla mgeni wa lugha hajamaliza kunakili. Akitoka hapo hulazimika kuyapitia yote upya. Kisha yapo maswali ya mazoezi ya kila wiki, ya hisabati na ya mekaniki, yaani somo la nguvu na mwendo, na katika masomo mengi asiyepata angalau nusu ya alama za mazoezi hayo haruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Swali moja la mekaniki linaweza kumaliza jioni nzima ya watu watatu, ndiyo maana wanafunzi huyafanya kwa vikundi baada ya vipindi.

Siku za maabara huwa nzito zaidi. Kabla ya kugusa kifaa mwanafunzi huhojiwa juu ya jaribio lenyewe, na asiyejiandaa anaweza kurudishwa. Baada ya jaribio huandika ripoti ambayo ni lazima ionyeshe kila kipimo kinaweza kukosea kwa kiasi gani. Msiione kazi hiyo kuwa ya karatasi tu: gesi inayochakatwa hapo Madimba, mkoani kwenu Mtwara, na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam huuzwa kwa kipimo, na kosa dogo la kifaa cha kupimia ni fedha nyingi za mtu.

Sasa saa ya simu. Wakati wa baridi Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo saa mbili usiku ya mjomba ni saa kumi na mbili jioni kwa kijana, wakati ambapo kikundi kiko katikati ya maswali. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi tofauti hubaki saa moja. Kubalianeni siku moja ya kudumu, kwa mfano Jumapili saa nane mchana ya Mtwara, na kijana ndiye apige, kwa kuwa mdogo ndiye anayemwanza mkubwa kwa shikamoo. Hapa simtetei: kumwandikia mjomba kwamba yuko maabara na atapiga Jumapili hakuchukui hata dakika moja, na kutuma neno "kazi" usiku wa manane hakumtoshi mtu anayemsomesha.

Kuhusu kibarua, tangu mwaka 2024 sheria inawaruhusu wanafunzi wa kigeni kama yeye kufanya kazi siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka. Lakini salfa hupulizwa kuanzia takribani Juni, na wakati huo mihadhara ya kiangazi inaendelea hadi katikati ya Julai, ikifuatiwa na mitihani. Ningewashauri msimwombe chochote sasa. Agosti na Septemba, akishamaliza mitihani, anaweza kufanya kazi na kuweka akiba kwa ajili ya msimu ujao. Salfa ya mwaka huu itafutiwe fedha huku huku.