Propela inayojua kupisha: maswali yenu kuhusu propela shafti

Mwezi uliopita niligusia jambo moja kwa kupita tu: kwamba propela shafti, lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma (sanduku la gia linalogawa mzunguko kwa tairi za nyuma), kwenye magari mengi madogo ya siku hizi yenye propela limetengenezwa lifupike gari likigonga kwa mbele. Maswali yamemiminika. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Mimi ni dereva wa miaka mingi. Chuma kigumu ndiyo usalama. Kwa nini mtu atengeneze propela dhaifu makusudi? (Msomaji, Dodoma)

Si dhaifu, mzee wangu. Ina nguvu upande mmoja na inakubali upande mwingine, na pande hizo mbili zinachanganywa sana.

Kazi ya kila siku ya propela ni kusokotwa. Chukua injini inayotoa msokoto wa nyutoni mita 250. Gia namba moja ikizidisha mara 4, propela inabeba 1,000. Kama ni gari la porini na umeingiza gia ya chini yenye uwiano wa 2.5, imefika 2,500. Hapo propela haitakiwi kulegea hata kidogo, na iliyobuniwa vizuri hailegei.

Ajali ya uso kwa uso haisokoti, inasukuma. Injini inarudi nyuma pamoja na giaboksi yake, na propela ipo hapo kama mti uliosimikwa kati ya giaboksi na difu. Bomba la chuma cha kawaida lenye kipenyo cha milimita 76 na ukuta wa milimita 2 halitakubali mpaka lisukumwe kwa nguvu kama ya uzito wa tani 16. Nguvu hiyo lazima iende mahali. Itapiga difu, na jirani ya difu magari mengi yana tangi la mafuta. Au bomba litapinda katikati na kupanda kwenye sakafu, chini ya miguu ya watu. Au litaizuia injini isirudi, na pua ya gari iliyopangwa ijikunje taratibu itashindwa kujikunja, abiria wasimamishwe kwa ghafla kuliko miili yao inavyoweza kuhimili.

Wengi mmeandika mkidhani propela hii inameza nguvu ya ajali. Sehemu inayomeza ni ndogo mno. Gari la kilo 1,500 likienda kilomita 56 kwa saa limebeba takriban kilojuli 180 za nishati. Propela ikifupika sentimita 20 kwa msukumo wa tani 4, imemeza kama kilojuli 8 tu. Kazi yake kubwa ni kupisha, ili sehemu zilizopangiwa kubeba mshindo zibebe.

Propela yangu tayari ina meno yanayoingia na kutoka. Hayo hayatoshi? (Msomaji, Nakuru)

Hayatoshi. Meno hayo yapo kwa ajili ya springi: tairi likipanda na kushuka, umbali kati ya giaboksi na difu unabadilika kidogo, na meno yanateleza kuufuata. Nafasi yake ni ya sentimita chache. Ajali mbaya inaweza kudai zaidi ya hapo, na meno yakishafika mwisho propela inarudi kuwa nondo.

Wabunifu wana njia kadhaa. Wengine huweka jointi ya gololi ambayo msukumo ukizidi kiasi, moyo wake unachomoka na kuzama ndani ya bomba. Njia ninayoipenda mimi ni ya bomba lenye vipenyo viwili: sehemu moja nyembamba, nyingine pana, na katikati shingo iliyobanwa kwa mashine. Likisukumwa, upande mwembamba unazama ndani ya upande mpana na ukuta wa chuma unajipindua, kama unavyopindua mkono wa shati kutoka nje kwenda ndani. Naipenda kwa sababu ikishaanza, nguvu inayotakiwa kuendelea haipandi na kushuka ovyo. Mbunifu anaweza kuitegemea.

Fundi ameiona shingo kwenye propela yangu, akasema imeshapata ajali. Anataka kuikata aweke bomba moja nene "la maisha". Nimruhusu? (Msomaji, Tanga)

Usimruhusu, tafadhali. Swali hili ndilo lililonifanya nitoe ukurasa mzima kwa mada hii.

Niliwahi kuletewa propela ya gari la familia, mwenyewe akilalamika kwamba gari linatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa. Nikaiweka mezani na kuipitisha kitambaa. Kwenye shingo kulikuwa na pete ya weldi, nene kama kidole, imepakwa rangi nyeusi ikapendeza. Ndani yake kulikuwa na kipande cha bomba kilichopigiliwa kwa nyundo ili kuimarisha. Aliyefanya kazi ile alikuwa na mkono mzuri wa weldi na nia njema kabisa, na alikuwa ameziba sehemu pekee ya propela iliyowekwa kwa ajili ya watu waliokaa juu yake. Mtetemo ulikuwa dalili tu, bomba lilikuwa limepinda kwa joto la weldi. Mtetemo ungeweza kubalansiwa ukaisha, na mama wa watu angeendelea kupakia watoto bila kujua kilichokuwa chini yao.

Kuitambua shingo ya kiwandani si kazi ngumu. Ni laini, duara lake limetimia pande zote, na rangi imepita juu yake bila kupasuka. Iliyosukumwa na ajali ina mikunjo, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine, na rangi imemenyeka kwenye mikunjo hiyo. Kama bado una shaka, gari lipandishwe, gia iwe huru, kisha fundi ashike chaki imara karibu na bomba bila kuligusa na mwenzake alizungushe taratibu. Bomba lililopinda litachorwa upande mmoja tu.

Ikibidi kubadilisha, tafuta propela nzima kwa namba ya chasisi ya gari lako. Ukinunua ya mtumba, ipime urefu na uilinganishe na yako ya zamani kabla hujalipa, maana iliyoshazama hata sentimita mbili imeshatumia sehemu ya kazi yake.

Hii ni sawa na ile nguzo ya usukani inayojikunja? (Msomaji, Kigoma)

Ni ndugu. Nguzo hiyo ilianza kusambaa kwenye magari ya General Motors mwaka 1967, na sheria ya Marekani ikaweka kipimo: kwenye jaribio la kugonga ukuta kwa kilomita 48 kwa saa, nguzo isirudi kwa dereva zaidi ya milimita 127. Tofauti ni kwamba usukani unasokotwa kwa mkono wa mtu, propela inasokotwa na injini.

Nimerefusha chasisi ya pikapu. Fundi amenirefushia propela kwa sentimita 30 na sasa inavuma barabara kuu. Krosi ni mpya. (Msomaji, Mbeya)

Krosi, yaani kile kiungo cha msalaba kwenye ncha ya propela, haina kosa. Kila bomba lina mwendo ambao likifika linaanza kuchezacheza kama kamba ya kuruka, na urefu ndio adui mkubwa. Lile bomba letu la milimita 76, likiwa na urefu wa mita 1.5, linafika hapo kwenye mizunguko 5,600 hivi kwa dakika. Lifanye mita 1.8 na kiwango kinashuka hadi 3,900. Gari lenye tairi la kipenyo cha sentimita 70 na difu ya 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja), likienda kilomita 120 kwa saa, linazungusha propela mara 3,700 hivi kwa dakika. Umeona ulipofika? Punguza mwendo leo, kisha weka propela ya vipande viwili yenye senta beringi, yaani beringi inayoishikilia katikati. Aliyeifunga ahakikishe yoki (zile uma zinazoshika krosi) za kila kipande zimekaa kwa mpangilio wa mwanzo.

Na hizi za nyuzi za kaboni? (Msomaji, Nairobi)

Zipo. Mazda RX-8 na Nissan 350Z ziliwekewa. Ni nyepesi, na zikisukumwa zinapasuka badala ya kusimama kama mti. Lakini jiwe likiikwaruza kwa kina haichomelewi, inatupwa.

Nasoma uhandisi wa mitambo na nataka kubuni propela inayofupika kama mradi wa mwisho. Nianzie wapi? (Msomaji, Arusha)

Anza na msokoto, usianze na ajali. Pata mzigo mkubwa kabisa wa gia ya chini, chagua bomba linaloubeba kwa nafasi ya kutosha, kisha hakiki mwendo wa kuchezacheza. Hapo ndipo uguse shingo. Nguvu ya kuanzisha kuzama iwe juu ya misukumo ya kawaida, hasa ile ya meno yanapogoma kuteleza chini ya mzigo, na iwe chini ya nguvu ambayo vishikio vya difu vinaihimili. Ugumu halisi utaukuta kwenye uchovu wa chuma: shingo ileile inayotakiwa kukubali mara moja tu inasokotwa mamia ya maelfu ya mara kabla ya siku hiyo, na hairuhusiwi kupata ufa.

Chuo kikiwa na mashine ya haidroli ya kukandamiza, tengeneza vipande vifupi vya sentimita 30 vyenye shingo, ukandamize polepole na kuandika nguvu kwa kila milimita. Fanya visivyopungua vitano. Kimoja kikipinda pembeni badala ya kuzama, kagua kwanza kama ncha zake zilikerezwa kwa pembe mraba na urefu wa bomba, kabla hujaenda kubadili umbo la shingo.