Maswali na majibu: Deni lako linashuhudia kabla yako

Nimeokoka tangu Pasaka. Zamani nilikuwa muuzaji kwenye duka la mtu miaka miwili, nikawa nadokoa fedha zake. Nakadiria 300,000. Nimeshatubu kanisani. Lazima nirudishe?

Lazima, na usizipeleke kwenye kapu la sadaka. Wengi hufanya hivyo wakadhani yamekwisha, kumbe mwenye duka bado analia. Walawi 6 imeweka utaratibu: aliyeibiwa alipwe kamili, aongezewe sehemu ya tano, ndipo mkosaji aende na sadaka yake. Kwako sehemu ya tano ni 60,000, jumla 360,000. Zakayo alijitolea kulipa mara nne, lakini alikuwa tajiri. Usitoe ahadi utakayoivunja mwezi wa pili.

Nenda mwenyewe, mchana, ukiwa na chochote mkononi. Ukianza na 30,000 na kuendelea hivyo kila mwezi, miezi kumi na miwili unamaliza. Andikianeni. Usianze na "kama nilikukosea". Sema "nilichukua", na utaje kiasi. Wenzako mlioiba pamoja usiwataje, toba yao si yako. Akikusamehe deni, mwombe apokee mara ya pili. Akikataa, shukuru uondoke. Kama amefariki, walipwe warithi. Asipokuwa na ndugu hata mmoja, hapo ndipo Hesabu 5:8 inaruhusu fedha iende kwa kuhani. Na kama kiasi ni cha kukufikisha mahakamani, muone mwanasheria kabla hujaenda, ujue unachokiendea. Ukishajua, nenda.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika ulijulikana vijijini kwa jambo hili hili: watu walirudisha walivyoiba. Jirani asiyejua hata mstari mmoja wa Biblia alielewa. Leo tuna vipaza sauti vikubwa, na madeni ya kikoba hayalipwi.

Nifanyeje ili majirani wajue kwamba nimeokoka?

Swali hili linarudi kila mwezi, na jibu halijabadilika: kalipe ulichokopa dukani kwa Mangi.

Mume wangu hajaokoka. Kila alfajiri namfungulia mahubiri redioni kwa sauti, na kwenye maombi namtaja kwa jina asikie. Anazidi kuwa mkali.

Dada, zima redio. Petro aliwaandikia wanawake wenye waume wasioamini kwamba wavutwe kwa mwenendo, "pasipo lile Neno" (1 Petro 3:1). Maombi ya kumsema mtu akisikia ni masengenyo yanayosemwa macho yamefumbwa. Mwombee ukiwa peke yako. Ukiwa na mkesha, mwambie mapema, acha chakula kimeiva, na rudi saa uliyosema. Fedha ya matumizi ya nyumbani usiitolee fungu la kumi kwa siri. Akigundua, utakuwa umemfundisha kwamba kanisa linaiba.

Lakini kama ukali huo ni wa kipigo, hilo si suala la ushuhuda. Ondoka uende mahali salama, ukatoe taarifa. Anayekwambia uvumilie ngumi ili mume aokoke anaipotosha barua hiyo ya Petro.

Nanunua viazi shambani. Wenzangu wote wanafunga lumbesa. Nikiacha, si nitafunga biashara?

Gunia lisizidi kilo 100, hiyo ni sheria ya Tanzania kabla hata hatujafungua Mithali 11:1 inayokataza mizani ya hadaa. Lumbesa ni mkulima kulipwa gunia moja na kupakiza zaidi ya moja. Nunua kwa kilo, kwa mizani yenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, na mkulima aione inaposoma. Faida itapungua, usidanganyike. Kagua pia kopo lako la rejareja: likibonyezwa kitako, kila mteja anaibiwa, hata ukiandika "Yesu ni Bwana" kwenye meza.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alisema tuhubiri siku zote, na maneno tutumie ikibidi tu. Basi matendo yanatosha?

Maneno hayo hayamo katika maandishi yake, na yeye mwenyewe alikuwa mhubiri. Matendo humfanya mtu aulize. Akiuliza, ni lazima awepo wa kumjibu, "kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Andaa jibu la dakika mbili: ulivyokuwa, Kristo alichokufanyia, ulivyo sasa. Sehemu ya ulivyokuwa usiipe zaidi ya sentensi tatu. Shuhuda nyingi zinasimulia ulevi kwa raha kuliko wokovu, na zinawataja wanawake ambao sasa wana ndoa zao.

Nimeokoka miaka minne. Juzi nililewa harusini, mtaa mzima ukaniona. Nihamie kanisa la mbali?

Hapana. Waliokuona ukianguka ndio wanaopaswa kukuona ukitubu. Kesho mwendee mwenye harusi umwombe radhi kwa kutaja jambo lenyewe: "Nililewa kwenye sherehe yako." Usimlaumu shetani wala aliyekumiminia. Mwambie mzee mmoja wa kanisa, naye akuulize kila wiki kwa miezi mitatu. Sherehe ijayo kaa na ndugu asiyekunywa, na ondoka kabla muziki haujapamba moto.