Asetoni na etha zitoke kwenye friji hiyo leo

Umeuliza kama chupa za asetoni na etha zinaweza kukaa kwenye friji ya kawaida ya maabara kwa sababu kabati limejaa. Hapana, zitoe leo hii, tafadhali. Baridi ya friji haikukingi: asetoni hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri, na etha hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Kifuniko kikilegea kidogo tu, mvuke unajaa humo ndani, kisha kile kiswichi cha kudhibiti baridi kinapowaka na kuzima hutoa cheche. Hapo mvuke unalipuka na mlango unang'oka. Zipo friji maalumu kwa vimiminika hivi, hazina swichi wala taa ndani.

Ukifungua ukakuta harufu kali, usichomoe plagi, maana nayo hutoa cheche. Watoe watu nje, uite wahusika wa usalama, umeme ukatwe kwenye swichi kuu iliyo nje ya chumba. Kumbuka mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto wa meza ya mbali.

Mkizihamisha, zisikae kabisa na asidi ya naitriki. Nimeshaona chupa ya asetoni na ya asidi hiyo zimepangwa bega kwa bega kwa kuwa tu majina yalifuatana kialfabeti. Zikipasuka pamoja, huo ni mlipuko.